Hatua Aliyoiacha Ubaoni

Mwalimu wetu wa hisabati alianguka akiwa ameshika chaki, na mimi ndiye niliyecheka wa kwanza.

Nimeanza na hilo kwa sababu nimelikwepa kwa muda mrefu. Nilikuwa kidato cha tano katika shule ya bweni nje kidogo ya mji wa Kilosa. Tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja tuliochukua fizikia, kemia na hisabati, na kipindi kile kilikuwa cha tatu asubuhi. Mwalimu alikuwa akitufundisha kuivunja sehemu moja kubwa kuwa sehemu mbili ndogo. Hiyo ni aljebra, lakini usipoiweza utakwama mbele ya safari ukifika kwenye kalkulasi. Aliandika swali: juu, 5x jumlisha 7; chini, mabano mawili, x jumlisha 1 na x jumlisha 2.

"Hii ni mizigo miwili iliyofungwa kamba moja," alisema. "Tuifungue."

Akaweka A juu ya bano la kwanza na B juu ya bano la pili. Hatua ya kwanza, akaondoa asili zote, yaani za chini, ili kibaki kiasi cha juu peke yake. Hatua ya pili, akaipa x thamani ya hasi moja ili mzigo wa B ufe na ubaki wa A. Hatua ya tatu, A ikatoka: mbili. Tuliandika haraka, maana alikuwa na kawaida ya kufuta huku anaandika.

"Sasa x iwe hasi mbili," alitaka kusema. Kilichotoka mdomoni kilikuwa kitu kama "sasa eksi habi habi." Chaki ikateleza kutoka kwenye herufi B, ikachora mstari wa mshazari hadi chini ya ubao.

Alikuwa mtu wa utani. Mtu akikosea hesabu alizoea kuiga sauti ya mlevi akisoma jibu lake. Nikadhani ni mchezo uleule, nikacheka. Darasa zima likanifuata. Akageuka akatutazama, upande mmoja wa mdomo umelegea, na niliona kwamba hakuelewa tunacheka nini. Kisha akaanza kukaa, polepole, kama mtu anayejua kuna kiti nyuma yake. Kiti hakikuwepo.

Ubao ule haukufutwa kwa siku tatu. Walimu wengine waliingia, wakauona ule mstari, wakafundisha wakiwa wamesimama kando. Siku ya nne mtu alipita na kitambaa kibichi, nasi hatukumuuliza.

Tuliambiwa ni kiharusi. Alilazwa, akatolewa, akapelekwa kwake Mikumi. Mkuu wa shule akatukusanya.

"Tumeandika barua kuomba mwalimu mwingine," alisema. "Wakati tunasubiri, jisomeeni. Ninyi ni watu wazima sasa."

Tulisubiri muhula, tukasubiri mwingine, tukaingia kidato cha sita bado tunasubiri. Wanne kati yetu wakahamia historia na jiografia. Mmoja akaenda nyumbani likizo na hakurudi. Tukabaki sita.

Mimi sikuhama, na sababu yangu ilikuwa ya kitoto. Babu yangu mzaa mama alikuja Kilosa kama kibarua wa reli ya zamani, akabaki, akazaa, akazikwa hapahapa. Walipokuwa wakijenga reli mpya nilikuwa kidato cha pili. Siku moja tukipita na kuni nilimwona mwanamke amevaa kofia ngumu, ameinama kwenye kile chombo cha kupimia ardhi chenye miguu mitatu, na wanaume wanne wazima wamesimama kumngoja aseme. Alipoinua kichwa na kusema, wote wanne wakasogea. Nilirudi nyumbani Chanzuru nikamwambia mama kwamba nitakuwa yule. Mama akasema, "Basi soma." Hakuwa na ushauri mwingine wa kunipa. Yeye aliishia darasa la nne na jaruba lake la mpunga.

Kwa hiyo nikasoma, kama kule kunaweza kuitwa kusoma. Tulikuwa na kitabu kimoja kilichotolewa kopi ya kopi, kiasi kwamba alama ya kujumlisha na ya kutoa zilikuwa ngumu kutofautisha. Majibu yalikuwepo nyuma. Njia haikuwepo. Nililitazama jibu, nikajaribu kutembea kinyumenyume hadi kwenye swali, na kila mara katikati nilikuta mto usio na daraja. Nilikaa siku mbili na swali moja. Nilijifunza kwa moyo hatua ambazo sikujua zinatoka wapi, kama mtoto anayekariri sala ya lugha ngeni. Simu zilikuwa marufuku shuleni, na mama alikuwa na simu ya kitochi tu, isiyo na intaneti.

Kwenye mtihani wa majaribio nilipata kumi na nne kwa mia.

Mama aliishika ile karatasi ya matokeo kwa mikono miwili. Haikuwa na neno la Kiswahili hata moja. Akaweka kidole kwenye namba.

"Kumi na nne. Umekuwa wa kumi na nne?"

Darasa letu lilikuwa na watu sita.

"Ndiyo, mama," nilisema.

"Siyo mbaya," akasema, akaikunja karatasi vizuri na kuiweka ndani ya Biblia.

Nilitoka nje nikakaa nyuma ya choo mpaka niliposikia ananiita. Uongo wenyewe haukuniumiza kama ile furaha yake ndogo. Kulikuwa na wiki tatu za likizo, kisha muhula mfupi, kisha mtihani wa taifa. Nikamwambia mama nataka kwenda Mikumi kumsaidia mama mdogo kazi. Hilo nalo lilikuwa nusu ya ukweli.

Mama mdogo alikuwa na banda la chakula kando ya barabara kuu, pale malori ya Iringa na ya Morogoro yanapoegesha. Asubuhi aliuza maandazi na chai, mchana wali. Yeye ndiye aliyejua nyumba ya mwalimu, kwa sababu mke wa mwalimu alikuwa akichukua maandazi kwake kila siku. "Anashona," aliniambia. "Nyumba ya tatu nyuma ya gesti ile ya bluu, utasikia cherehani."

Nililisikia. Mwalimu alikuwa barazani kwenye kiti cha plastiki, mkono wa kulia umelala pajani kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa kukishika. Alikuwa amepungua. Nilipiga goti.

"Shikamoo, mwalimu."

Alinitazama sana. "Kesho," akasema.

Nikadhani amechoka. Nikasema samahani, nikaondoka. Kesho yake nikarudi na daftari langu. "Shikamoo, mwalimu." Akanyanyua mkono wa kushoto, uso ukafunguka, akasema, "Kesho. Kesho, kesho." Nikaondoka tena, safari hii machozi yakinitoka barabarani, maana niliona ananifukuza kwa upole.

Siku ya tatu mkewe alitoka na futi ya kupimia imening'inia shingoni.

"Mbona unakuja na kuondoka?"

"Shikamoo, mama. Mwalimu ameniambia nije kesho."

"Marahaba. Hakukuambia kitu." Akafuta kiti kwa upindo wa khanga. "Ndilo neno lililobaki. Akitaka maji, kesho. Akikataa uji, kesho. Nikimuudhi, kesho. Mengine yote yamekwenda. Anakujua, lakini. Kaa."

Nilikaa. Sikujua nianze vipi. Nilikuwa nimekuja kuomba maelezo kwa mtu asiye na maneno. Kwa kukosa la kufanya nikafungua daftari juu ya meza ndogo iliyokuwa mbele yake, mahali tulipoachia siku ile, kwenye swali la mizigo miwili, nikaanza kusoma kwa sauti. Hatua ya kwanza. Hatua ya pili. Hatua ya tatu, A ni mbili. Hapo nikanyamaza, kwa sababu chini ya mstari ule palikuwa peupe. Sikuwahi kulimaliza.

Alikuwa amenikazia macho. Nikachukua kalamu.

"x ni hasi mbili," nilisema. "Juu, tano mara hasi mbili ni hasi kumi, jumlisha saba, hasi tatu. Upande wa B, hasi mbili jumlisha moja ni hasi moja. Kwa hiyo hasi tatu ni sawa na B mara hasi moja. B ni hasi tatu."

Aligonga meza. Mara moja, kwa kifundo cha kidole cha kushoto.

Nilirudia tangu mwanzo. Nikafika palepale: B ni hasi tatu. Akagonga. Nikatafuta kosa kwenye kuzidisha, halikuwepo. Kwenye kujumlisha, halikuwepo. Nikasoma mara ya tatu, safari hii neno kwa neno, kidole kwenye kila alama. Hasi tatu. Sawa na. B mara hasi moja. Hasi ukiigawa kwa hasi...

"Tatu," nilisema. "B ni tatu. Chanya."

Hakugonga. Alijiegemeza kwenye kiti akashusha pumzi.

"Kesho," alisema, taratibu sana.

Hivyo ndivyo tulivyosoma. Nilikuja saa nne asubuhi, baada ya watu wa chai kuondoka. Nilisoma swali kwa sauti, nikaandika hatua na kuitamka. Ikiwa sahihi, alinyamaza. Ikiwa na kosa, aligonga. Hakuweza kunieleza kosa ni lipi, wala hakutaka kushika kalamu kwa mkono wa kushoto. Nilipompa alitazama pembeni, na sikumpa tena. Siku nyingine aligonga mara moja, nikatafuta kosa nusu saa, malori yakipita kule barabarani, nikitaka kulipasua lile daftari. Mama mdogo alikuwa na simu ya kupangusa, nikatazama humo video mbili za mwalimu wa mtandaoni. Alifundisha vizuri, lakini kila alipofika pagumu alisema "ni wazi kwamba," na palepale ndipo palipokuwa na giza kwangu. Kule kugonga meza hakukuwahi kuniambia kwamba kitu ni wazi.

Asubuhi moja nilikuwa nasoma swali la mfugaji anayejenga zizi kando ya mto, upande wa mto hauhitaji uzio, atafute vipimo vitakavyotoa eneo kubwa kuliko yote. Niliandika hatua nilizokariri. Nilipofika kwenye "sawa na sifuri" hakugonga, kwa kuwa ilikuwa sahihi. Lakini alinitazama kwa muda, kama aliyesikia kwamba sijui ninachosema. Akavuta kibiriti cha mkewe. Akamwaga njiti mezani, akahesabu kumi na mbili kwa mkono mmoja. Ukingo wa meza ukawa mto. Akaweka njiti moja huku, moja kule, na kumi zikajipanga mbele. Akanitazama.

"Eneo ni kumi," nikasema.

Akabomoa. Mbili huku, mbili kule, nane mbele.

"Kumi na sita."

Tatu huku, tatu kule, sita mbele.

"Kumi na nane."

Nne, nne, na nne.

"Kumi na sita tena." Mwalimu akaweka tano huku, tano kule, zikabaki mbili mbele, nami nikasema, "Kumi. Limerudi kumi."

Akairudisha ile ya tatu, akaweka kiganja juu yake. Eneo lilipanda, likapanda, kisha likashuka. Katikati pana mahali ambapo halipandi tena na bado halijaanza kushuka, na pale kasi yake ni sifuri. Nikachukua kalamu. Eneo ni 12x toa 2x kipeo cha pili. Kasi yake ni 12 toa 4x. Iwe sifuri, x ni tatu. Njiti tatu. Nilikuwa nimeandika "sawa na sifuri" labda mara mia mbili bila kujua kwa nini iwe sifuri na isiwe saba. Nililia mbele yake bila aibu, naye akaanza kulia pia, maana tangu augue alikuwa analia kirahisi, na mkewe akatoka akakuta watu wawili wanalia juu ya njiti za kibiriti.

Siku hiyo ndiyo niliyomwambia.

"Mwalimu, ile siku darasani, mimi ndiye niliyeanza kucheka."

Uso wake haukubadilika. Alisema neno lake lilelile, si kwa hasira wala si kwa upole, na sikupata kujua mpaka leo lilikuwa na maana gani.

Siku mbili baadaye yote yaliharibika. Nilikuwa nimeingia kwenye integresheni, ile kazi ya kukusanya vipande vidogo vidogo ili upate kitu kizima. Ndani ya mabano kulikuwa na 2x jumlisha 1, nje kipeo cha tatu. Ukipandisha kipeo kuwa nne, unagawa kwa nne, na kisha unagawa tena kwa ile mbili iliyojificha ndani ya mabano, ili chini pawe nane. Mimi nilikuwa naisahau ile mbili. Akagonga. Nikarudia, nikaandika nne. Akagonga kwa nguvu. Nikarudia mara ya nne, mara ya tano, kichwa kimefunga, naandika nne ileile kama punguani. Kikombe kikaanguka mezani. "Kesho!" alipiga kelele. "Kesho, kesho, kesho!" Akashika ukingo wa meza kwa mkono wa kushoto, akajiinua aifikie kalamu, na mguu wa kulia haukumfuata. Aliangukia kwenye ngazi ya saruji. Paji la uso likapasuka.

Mkewe aliacha cherehani likiwa bado linazunguka. Tulimwinua wawili, tukaizuia damu kwa vipande vya kitambaa cha sare alichokuwa anashona. Alipokwisha kumlaza ndani alirudi barazani, akaokota daftari langu, akalifunga, akanipa.

"Binti, mimi sina ugomvi na wewe," alisema. "Presha yake ilishapanda mara moja kwa ajili ya hizi hesabu. Nenda. Mwache mume wangu aishi hata hivi alivyo."

"Samahani, mama."

"Nenda, mwanangu."

Nilitembea kando ya lami nikapita banda la mama mdogo bila kusimama, nikaenda mpaka majengo yalipokwisha na ile nyasi ya hifadhi ikaanza. Lori likanipigia honi. Nikageuka, maana hata kule sikuwa na mahali pa kwenda. Nilifika bandani nikavaa aproni, nikaanza kuosha sahani. Jioni nilimwambia mama mdogo kwamba sirudi shule, nitabaki naye. Alinitazama, akasema kazi ipo. Hakunibembeleza. Karatasi za kufungia maandazi zilikuwa zimekwisha, nikampa daftari langu.

"Lote?" aliuliza.

"Lote."

Asubuhi yake alichana ukurasa mmoja mmoja. Niliwaona madereva wakipanda kwenye malori yao na aljebra yangu imelowa mafuta. Mmoja alifuta mikono kwa karatasi, akaikunja, akaitupa dirishani. Sikuhisi kitu. Kwa siku tatu nilikuwa hivyo, nikipakua, nikiosha, nikiitikia wateja. Nilijaribu kumwandikia mama ujumbe mfupi kwenye simu ya mama mdogo, na kila mara nilifika kwenye "mama, mimi" na kufuta.

Siku ya nne mke wa mwalimu alikuja bandani. Kawaida alichukua maandazi akaondoka. Safari hii alisubiri mpaka wateja wamepungua, akatoa kwenye khanga karatasi iliyokunjwa, imelowa mafuta mpaka ilikuwa inapitisha mwanga. Ulikuwa mwandiko wangu. Lilikuwa swali lile la integresheni, na chini yake ile nne yangu ilikuwa imekatwa. Pembeni paliandikwa nane, imepinda, mduara wa juu mkubwa kuliko wa chini, kama ya mtoto wa chekechea.

"Ameandika mwenyewe," alisema mama yule. "Tangu alipougua hajawahi kushika kalamu. Daktari alimwambia ajaribu, mimi nimembembeleza, hataki. Jana nimempa andazi, ameacha andazi, ameshika karatasi. Akanionyesha kwa kidole kalamu yangu ya kuchorea vitambaa."

Niliipokea ile karatasi.

"Siku zile tatu alikuwa anasukuma sahani," aliendelea. "Jana jioni amekula ugali wote. Njoo. Lakini saa moja tu, na akitaka kusimama mnaacha. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Mama mdogo alikuwa anafuta meza ambayo ilishakauka. "Daftari limebaki nusu," alisema bila kunitazama. "Lipo juu ya debe la unga."

Zilibaki siku tisa za likizo. Nilikwenda zote, na zote zilikuwa za shida. Sitaki kusema kwamba nilifunguka akili. Kwa kila swali nililolielewa, yalikuwepo manne niliyoyashika nusu na mengine mengi ambayo hatukuyagusa kabisa. Nilichopata ni kujua kosa linavyokaa. Nilijua sasa kwamba liko mahali fulani kwenye mstari mmoja, na kwamba mtu mwenye subira anaweza kulifuata alama kwa alama mpaka alikute.

Niliporudi shule niliwakusanya wenzangu watano. Mmoja alisimama ubaoni na kutamka hatua, sisi tuliobaki tukagonga madawati. Yule wa kugonga hakuruhusiwa kusema kosa ni nini. Tuligombana sana kwa ajili ya sheria hiyo. Mwenzangu mmoja alinitupia chaki akasema, "Kama unajua si useme, unatutesa kwa nini?" Nikaiokota chaki, nikamrudishia. Mwalimu mwingine hakuja mpaka tunaingia kwenye chumba cha mtihani.

Mtihani ulikuwa mgumu. Niliacha maswali mawili matupu kabisa. Kwenye moja nililolijua nilitumia muda mrefu kukagua alama zangu za hasi, na msimamizi akasema kalamu chini nikiwa katikati ya hatua. Nilitoka nje, nikatapika kwenye ua wa jikoni.

Matokeo yalipotoka nilikuwa nimepata E, daraja la mwisho la ufaulu. Wenzangu wawili walipata kama mimi, mmoja alipata D, wawili walianguka. Kwa E ile sikuweza kuwa mhandisi. Ilinitosha kusomea ualimu. Nilimwambia mama ukweli wote siku hiyo, pamoja na ile kumi na nne. Aliuliza, "Kwa hiyo yule mwanamke wa reli?" Nikasema, "Hapana, mama." Akaniambia nimletee maji ya kuoshea mchele.

Nilikwenda Mikumi kumwambia mwalimu. Mkewe alinipokea nje, akanishika mkono kabla hatujafika barazani. Mwalimu alikuwa amepatwa na kiharusi mara ya pili, wakati wa baridi. Nilimwamkia, hakuitika. Lile neno moja nalo lilikuwa limekwenda. Nilimwekea daftari mapajani, akalishika kichwa chini miguu juu. Nikakaa, nikamsomea swali la mizigo miwili, hatua kwa hatua, na nilipofika kwenye B nikasema kwa makusudi, hasi tatu. Nikangoja. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya meza, vidole vimekunjwa kidogo. Nikasema tena, kwa sauti zaidi, B ni hasi tatu. Kuku walikuwa wanaparua chini ya ngazi. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni amejifunika mdomo kwa khanga, akaniambia, "Mwanangu, basi."

Alifariki masika yaliyofuata. Alizikwa kwao Vidunda, juu mlimani, na nilipanda huko na mkewe na waombolezaji wengine, utelezi mtupu, tukishikana mikono kwenye kona. Ndugu zake wengi walizungumza Kividunda, nami nilikaa na wanawake nikichambua maharage. Baada ya mazishi mdogo wake wa kiume, mkulima mwenye matope mpaka magotini, alikuja akainama mbele yangu.

"Shemeji anasema wewe ni mwanafunzi wake. Alikuwa anafundisha nini hasa? Sisi tunajua hesabu tu."

"Shikamoo, baba. Ni hesabu kweli. Lakini hesabu za vitu vinavyobadilika."

"Marahaba. Vitu gani?"

Nikafikiri. Nikamwonyesha mteremko tuliokuwa tumepanda. Nikamwambia kwamba ukisimama mahali popote pale, huyu ndugu yako alikuwa na njia ya kukuambia mlima umeinama kiasi gani chini ya mguu wako, hapohapo uliposimama. Aliutazama mlima. Akatazama shamba lake la maharage lililoshikiliwa na kingo za udongo, kila ukingo umechimbwa kwa jembe.

"Na kazi hiyo aliifanya kila siku?"

"Kila siku. Miaka mingi."

"Sisi tulidhani yeye anakaa tu," alisema. Kisha akachukua ungo wangu, akamwaga maharage yaliyochambuliwa kwenye sufuria, akaniletea mengine.